Mzigo wa "Bado": Vielezi vya Kiingereza Vinavyotuchanganya na Hasara Yake kwa Mhakiki

1.0 Utangulizi

Katika madarasa yetu ya sarufi kielezi kimekuwa mtoto wa kambo. Nomino ina ngeli zake, kitenzi kina viambishi vyake, kivumishi kina upatanisho wake, na vyote hivyo hufundishwa kwa majuma mengi. Kikifika kielezi tunaambiwa kwamba ni neno "linaloeleza zaidi kuhusu kitenzi", tunapewa mifano mitatu, kengele inalia, basi, somo limekwisha.

Matunda ya haraka hiyo tunayavuna chuoni. Wengi wetu huhakiki riwaya na tamthilia za Kiswahili kwa Kiswahili, lakini nadharia tunazisoma kwa Kiingereza, na baadhi ya kozi lazima tuzijibu kwa Kiingereza. Hapo ndipo vile vineno vidogo vya "still", "yet", "already", "hardly", "lately", "too" na "quite" vinapoanza kutusaliti. Mtu anakusudia kumsifu mwandishi, karatasi inamlaumu. Anakusudia kusema mhusika ameamka, karatasi inasema mhusika angali amelala.

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, yanaeleza kwa nini vielezi hivi humchanganya msemaji wa Kiswahili, na namna ya kuvitenganisha. Pili, yanajaribu kuonyesha kwamba kwa mhakiki jambo hili si la sarufi peke yake, kwa sababu mara nyingi hukumu yote ya mhakiki juu ya kazi ya fasihi imekaa ndani ya kielezi kimoja.

Mifano mingi nimeitoa Ilula, mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, ulioko kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Apitaye pale hukutana na nyanya na vitunguu kabla hajaona kitu kingine. Nimechagua soko makusudi. Darasani mtu akikosea kielezi anakatwa nusu maksi na maisha yanaendelea. Sokoni akikosea, tenga zima la nyanya linaweza kumwozea. Mfano wa namna hiyo unapimika.

2.0 Kitenzi ni dereva, kielezi ni utingo

Tuanze na sentensi moja ambayo mkulima wa Ilula anaweza kuisema kila siku ya mavuno: "Lori halijafika."

Sentensi hii ina maneno mawili tu, lakini tazama ilivyobeba. Inakanusha. Inatuambia kuwa ukanushaji huo unafika hadi saa hii tunayosema. Zaidi ya hayo, inatuambia kwamba lori linategemewa, kwamba kuna mtu amekaa juu ya tenga lake anatazama barabarani. Yote hayo yamebebwa na kiambishi kimoja, -ja-. Ukiongeza "bado" na kusema "Lori bado halijafika", umetia mkazo, lakini habari yenyewe ilikwisha kutolewa.

Sasa ichukue hiyo kwa Kiingereza. Ukisema "The lorry has not arrived", umekanusha, na umefika hadi sasa, ila lile tegemeo limedondoka njiani. Ili kulirudisha unahitaji neno zima lisimame nje ya kitenzi: "The lorry has not arrived yet."

Endelea na nyingine mbili. "Lori limeshafika": Kiingereza kinadai "already". "Lori lingali linapakia": Kiingereza kinadai "still". Mtaona kwamba -ja-, -mesha- na -ngali- zinalingana, mstari kwa mstari, na "yet", "already" na "still". Lakini upande mmoja ni viambishi vilivyomo ndani ya kitenzi, na upande wa pili ni vielezi vinavyojitegemea.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa fitina. Katika Kiswahili kitenzi ndicho dereva, na kielezi ni utingo: husaidia kufunga turubai na kuita abiria, lakini lori huweza kwenda bila yeye. Katika Kiingereza, kwa mambo haya ya wakati na tegemeo, utingo mara nyingi ndiye aliyeshika usukani. Mwanafunzi anayetafuta kisawe cha "yet" miongoni mwa vielezi vya Kiswahili anabisha hodi nyumba isiyokuwa na mtu. Anayemtafuta anakaa kwa jirani, ndani ya kitenzi.

2.1 "Still" na "yet"

Kwa kuwa viambishi vyetu vimeshafanya kazi, neno "bado" limebaki huru kutumika huku na kule. Tunasema "Lori bado linapakia", na hapo ni "still", jambo lililoanza zamani na linaloendelea. Tunasema "Lori bado halijafika", na hapo ni "yet", jambo linalotegemewa ambalo halijatokea. Tunasema pia "Bado matenga matatu", na hapo hakuna kielezi kabisa kwa Kiingereza. Ni matenga yaliyobaki.

Tena "bado" huweza kusimama peke yake kama jibu. "Umeshakula?" "Bado." Hapo wengi wetu huteleza, kwa maana katika Kiingereza si "still" wala "yet" inayoweza kujibu swali hilo ikiwa peke yake. Jibu ni "Not yet". Ukanushaji ambao Kiswahili kimeuficha ndani ya "bado" lazima utolewe nje uonekane.

Wapo watakaouliza: mbona Waingereza wenyewe husema "The lorry still has not arrived"? Ni kweli, na ni sahihi, lakini hisia si ile ile. "Has not arrived yet" ni taarifa ya mtu aliyetulia. "Still has not arrived" ni ya mtu aliyechoka kungoja. Kwa Kiswahili tofauti hiyo tunayo, ila tunaitoa kwa njia nyingine: wa kwanza atasema "Halijafika", wa pili atasema "Mpaka saa hizi halijafika!"

Sasa tuingie kwenye uhakiki. Mwanafunzi anataka kutafsiri hoja yake kwamba mhusika fulani "bado hajajikomboa". Akiandika kuwa mhusika "has not freed herself yet", anamwambia msomaji kwamba ukombozi unategemewa na dalili zake zimo katika kitabu. Akiandika kuwa mhusika "is still a slave to custom", anamgeuza msomaji atazame nyuma: hali ni ile ya mwanzo, hakuna kilichosogea. Mhusika ni mmoja, na neno la Kiswahili lilikuwa moja, lakini hizo ni tasnifu mbili tofauti. Ya kwanza inakidai kitabu ushahidi wa mabadiliko. Ya pili inakidai ushahidi wa mkwamo. Mhakiki asiyejua ameandika ipi hawezi kuitetea hata moja.

2.2 "Already" na neno "tayari"

"Tayari" nalo lina mtego wake. Kamusi hulipa maana mbili: "ready" na "already". "Nyanya ziko tayari" maana yake zimeiva, zinangoja kuchumwa. "Nyanya tayari zimeondoka" maana yake zimeshapita, ukizitaka zifuate Morogoro. Mwanafunzi anayeandika "I am already" akitaka kusema "niko tayari" amechanganya maandalizi na ukamilifu. Dawa ni ile ile: tazama kitenzi. Kama unaweza kuiweka -mesha- bila kuharibu maana, hapo ni "already". Kama huwezi, ni "ready".

3.0 "Karibu", "karibuni" na "tena"

Mkulima akisema "Bei ilipanda karibuni", tunajua ni juzijuzi. Akisema "Bei itapanda karibuni", tunajua ni siku si nyingi zijazo. Neno ni lile lile. -Li- na -ta- ndizo zilizoamua upande wa kutazama. Kiingereza hakimpi msemaji nafasi hiyo. Lazima achague: nyuma ni "recently", mbele ni "soon". Ndiyo maana huwa tunakutana na mtu ambaye "will come recently", jambo ambalo halijapata kutokea duniani.

Kuna jozi nyingine ndani ya hiyo: "recently" na "lately". Zote mbili hutazama nyuma, lakini "recently" hukubali tukio moja lililokwisha, mfano bei iliyopanda Jumatatu. "Lately" hupenda hali au mazoea yanayofika hadi leo, na hufanana zaidi na "siku hizi": siku hizi bei haitulii. Na tusidanganyike kwa umbo. "Lately" si namna ya kuchelewa. Aliyechelewa amekuja "late". Aliyekuja "lately" hatujui kama alichelewa au aliwahi.

"Karibu" nayo vivyo hivyo. Barabara ya kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Ilula hupanda mlima Kitonga, na madereva wanaujua. "Lori lilisimama karibu na korongo" ni "near". Hapa ni umbali tu, dereva anakunywa chai yake. "Lori karibu litumbukie korongoni" ni "nearly". Hapa ni suala la roho. Kwa Kiswahili kitenzi "litumbukie" chenye irabu ya -e mwishoni kimetuonyesha kuwa jambo halikutokea. Kwa Kiingereza kazi hiyo yote imewekwa katika ile "-ly".

Tuje kwenye "tena", ambayo mhakiki huihitaji mno. "Mnunuzi alikuja tena" ni "again". "Mnunuzi haji tena" ni "no longer": alikuwa akija, sasa basi. "Mnunuzi hajaja tena" inaturudisha kwenye "again": alikuja mara moja, mara ya pili haijatokea. Twaone jambo hili katika historia ya fasihi yetu. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, na baadaye ikaja kusomwa katika shule hizo hizo. Tukisema kwa Kiswahili "riwaya hiyo haikuwa tena marufuku", kila mtu ameelewa. Lakini anayeandika kwamba riwaya "was not banned again" amesema jambo jingine: kwamba ilifungiwa, ikafunguliwa, na hakuna aliyethubutu kuifungia mara ya pili. Alichokitaka ni "was no longer banned". Katika sentensi moja fupi historia ya kitabu imegeuzwa, na msomaji asiyeijua ataibeba kama ilivyo.

4.0 Mtego wa "-ly"

Lugha yetu huunda vielezi kwa utaratibu unaoeleweka. Kutoka -zuri tunapata "vizuri", kutoka "mtoto" tunapata "kitoto", kutoka "bidii" tunapata "kwa bidii". Mwanafunzi anapokutana na "slow" na "slowly", "careful" na "carefully", anafurahi: kumbe na wao wana kiambishi chao! Tangu siku hiyo kila kivumishi anakitia "-ly" kama chumvi.

Mara nyingi anapata. Siku anapokosa, anakosa vibaya sana, na mfano mkubwa ni "hard" na "hardly". Kufanya kazi kwa bidii ni "to work hard", bila nyongeza. "Hardly" zamani ilimaanisha "kwa shida" au "kwa ukali", lakini ilisogea. Jambo linalofanyika kwa shida liko karibu na kutofanyika, na ndiko "hardly" ilikohamia: karibu na hapana. Aliye "hardly worked" hakufanya kazi yoyote ya maana. Kwa sababu hiyo pia "hardly" haitaki kukanushwa tena kwa "not". Hasi imo tayari ndani yake.

Fikiria basi mwanafunzi anayetaka kusema kuwa mwandishi wa tamthilia "anakemea vikali ufisadi". Anatafuta neno la ukali, anapata "hard", anatia "-ly" yake, anaandika kwamba mwandishi "hardly criticises corruption". Msahihishaji anasoma nini? Anasoma kwamba mwandishi hakuugusa ufisadi, au aliugusa kwa ncha ya kidole. Kurasa zinazofuata zimejaa mifano ya mwandishi akiukemea ufisadi huo huo. Msahihishaji anaandika pembeni kwamba hoja na ushahidi haviafikiani, naye ana haki. Mwanafunzi anaondoka akiamini kuwa hajui fasihi, kumbe anaijua. Kilichomwangusha ni herufi mbili.

5.0 "Sana", "mno" na "quite"

Ilula tena. "Nyanya zimeiva sana" na "nyanya zimeiva mno" si habari moja kwa mtu anayepakia mzigo wa Dar es Salaam. Zilizoiva sana zaweza kuliwa leo kwa raha. Zilizoiva mno hazifiki. Zitapasuka ndani ya tenga kabla ya kufika Morogoro. "Sana" hupima kiwango. "Mno" husema mpaka umevukwa na kuna hasara inayofuata.

Tofauti hiyo ndiyo iliyopo kati ya "very" na "too". Tatizo ni kwamba midomoni mwetu "mno" na "sana" zimekuwa ndugu wa toka nitoke. Tunasema "nashukuru mno", na hakuna anayedhani kuwa shukrani zimefurika hadi kero. Hapo ndipo tunapoandika kuwa riwaya ni "too interesting" tukidhani tumeipamba. Kwa Kiingereza sanifu hayo ni malalamiko, na msomaji anangoja umwambie inavutia kupita kiasi hadi kukatokea nini.

Kuna na hili: "sana" yetu hukaa na kivumishi na kitenzi bila ubaguzi. "Nzuri sana", "napenda sana". "Very" haina ukarimu huo. Hukaa na kivumishi au kielezi, lakini kwa kitenzi lazima iongozane na "much". Huwezi "very like" kitu. Unakipenda "very much".

Mwisho ni "quite", neno ambalo limewafurahisha wengi bila sababu. Mhadhiri aliyelelewa katika Kiingereza cha Uingereza akikuandikia pembeni "quite good", usikimbilie kuwapigia simu nyumbani. Amesema ni nzuri kiasi, si haba. Lakini akiandika "quite wrong", hapo hakuna kiasi; umekosea kabisa. Siri iko kwenye neno linalofuata. Sifa yenye ngazi, kama uzuri au urefu, hupunguzwa na "quite". Sifa isiyo na ngazi, ama ipo ama haipo, hutiliwa mkazo nayo.

6.0 Namna ya kuvitenganisha

Kutokana na hayo, napendekeza maswali matatu ambayo mwandishi yeyote wa insha anaweza kujiuliza kabla ya kukabidhi kazi yake.

(a) Kitenzi changu cha Kiswahili kingesemaje? Irudishe sentensi katika Kiswahili bila kielezi chochote, uone kiambishi gani kinajitokeza. Ukipata -ja-, tafuta "yet". Ukipata -ngali-, ni "still". Ukipata -mesha-, ni "already". Na palipo na "karibuni", -li- itakupeleka kwenye "recently" na -ta- kwenye "soon".

(b) Msemaji alitegemea nini? Vielezi hivi vingi havielezi tukio tu, vinaeleza pia matarajio ya anayelitazama. Ukishajua nani anangoja, na anangoja nini, nusu ya kazi imekwisha.

(c) "Kwa hiyo ikawaje?" Ukiandika "too", lazima uweze kuendelea na "hata..." Ukishindwa kutaja hasara iliyofuata, rudi kwenye "very".

Najua wapo watakaosema tunajichosha bure, eti mbona tunaeleweka tu. Sokoni, naam, tunaeleweka. Pale kuna mkono unaoonyesha, kuna uso uliokunjwa, kuna nyanya yenyewe ya kubonyeza kwa kidole. Karatasi ya mtihani haina mkono wala uso. Inabaki na maneno yake, na anayeisoma hawezi kukuuliza ulikusudia nini.

Wengine watasema kuwa Kiswahili ni maskini ndiyo maana "bado" moja inafanya kazi za watu wawili. Hoja hiyo haina mashiko. Tumekwisha kuona kwamba tofauti zote tunazo, tena zimepangwa vizuri ndani ya kitenzi. Lugha isiyohitaji maneno mawili haina sababu ya kuyaweka.

7.0 Hitimisho

Haya yote yasingekuwa na uzito kama yangeishia kwenye karatasi za chuo. Lakini mtoto wa Ilula, kama watoto wengi wa Tanzania waliosoma shule za msingi za umma, amefundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa kuwa ya kufundishia shule za msingi tangu mwaka 1967. Akiingia sekondari anakuta masomo hayo yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Hapimwi tena kama anajua kwa nini nyanya huoza; anapimwa kama anaweza kulisema hilo kwa "too" badala ya "very".

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, aliyepata kuwa mbunge kutoka Njombe katika nyanda hizi hizi za juu kusini, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Tangu wakati huo, kila swali hilo linapoulizwa, jibu limekuwa neno moja tunalolijua: bado.

Sasa wasomaji wenzangu, tulihakiki hilo jibu kama tunavyohakiki maandishi mengine. Je, ni "not yet", yaani linakuja na watu wamekaa juu ya matenga yao wanatazama barabarani? Au ni "still", yaani hali ni ile ile na hakuna lori lililoagizwa? Kiswahili kinamruhusu msemaji kujificha nyuma ya neno moja. Kazi ya mhakiki ni kumwuliza anatumia ipi.